Sharti la Mlangoni kwa Bibi Matundu

Bibi Matundu wa Safu ya Mafundi, binti wa mshona magodoro aliyepitisha sindano ndefu kama kiganja bila kastabini kidoleni, mjukuu wa mshona magunia ambaye gunia lake halikumwaga hata punje, yeye mwenyewe aliyekaa miaka kumi na tisa kwenye benchi la matundu katika kiwanda cha mashati, akazaa mara nne na kila mara akarudi benchini kabla mgongo haujanyooka: huyo ndiye mwenye habari hii.

Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa kila mtu aondoke na mashine moja. Wenzake wakakimbilia cherehani za kawaida mpaka wawili wakavutana nywele. Yeye akalisogelea dubwana la kijani lililosimama pembeni, mashine ya kutoboa matundu ya vifungo, isiyoweza kushona hata mfuko.

"Sasa utakula matundu?" dada yake akamcheka.

Alikula matundu, akashiba, na wanne wakasoma. Alipanga chumba chenye upana wa kitanda na nusu, katikati kabisa ya safu yenye mafundi cherehani ishirini na sita. Shati kila fundi anaweza kushona. Tundu la kifungo ni habari nyingine. Kwa mkono, moja linakula robo saa, na shati lina saba. Kwa lile dubwana, ukihesabu mpaka kumi limekwisha, kingo zimefungwa na kisu kimeshapasua katikati. Basi mashati yote ya safu yalipita kwake, ya harusi na ya kazini, na shule zikikaribia kufunguliwa sare zilipangwa mpaka dirishani. Bei hakuigusa miaka sita. Hilo alipenda lisemwe, na lisiposemwa alilisema mwenyewe.

Kisha Mama Pacha, mjane wa fundi kofia, akanunua mashine ya pili, kuukuu, akaisimika milango minne mbele.

Bibi Matundu hakumtukana mtu. Alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, akatamka sharti moja: "Mwenye kupeleka hata shati moja kule, na yote yaliyobaki ayapeleke huko huko. Hapa asirudi."

Mafundi wakapiga hesabu vichwani. Mashine ile kuukuu ingeweza kumaliza mashati machache kwa siku, wala si mzigo wa fundi mzima wakati wa sare. Nani angethubutu kumpa Mama Pacha kumi, halafu mia akose pa kuyatoboa? Wote wakatulia walipokuwa. Bibi Matundu akasema ni uaminifu huo.

Miezi minane ikapita. Jumanne moja akaingia kijana mwenye mkoba, ofisa wa idara inayosimamia ushindani wa biashara. Akaamkia kwa heshima, akapewa kigoda. Mke wa mwanawe Bibi Matundu, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika vikaratasi vya majina ya mafundi na kuvibana kwenye mizigo, akainamisha kichwa akaendelea kuandika.

"Mama, tumepata malalamiko. Fundi asipokuja kwako, anaweza kutoboa kwa mkono?"

"Sare mia? Atatoboa mpaka watoto waoe."

"Akitia zipu je?"

"Shule zimekataa."

"Mashine nyingine inayoweza mzigo mzima?"

"Iko mji wa pili. Nusu siku kwenda."

"Kwa hiyo kesho ukipandisha bei maradufu, watakwenda wapi?"

"Sijapandisha miaka sita!"

"Nimesikia, mama. Lakini nimeuliza watakwenda wapi."

Bibi Matundu akamkagua juu mpaka chini, macho yakatua kifuani. "Wewe mwenyewe umekuja na matundu yangu. Hilo la tatu nalijua, uzi ulikatika nikaurudia."

Ofisa akajitazama shati, akacheka. "Basi na mimi sina pa kwenda."

"Kwani kuwa peke yangu ni kosa? Nimeiba? Walipogombea cherehani mimi nilichukua lililokataliwa!"

"Si kosa hata kidogo. Ukifika peke yako kwa kazi nzuri, au kwa kuona mbali, sheria haina neno nawe. Ila mtu akishakuwa na nguvu kama hiyo, sheria inamwangalia mikono. Anaitumia kufanyia kazi, au anashikilia mlango ili mwingine asiingie? Ukiritimba unaokatazwa ni huo wa kushikilia mlango. Je, mafundi umewawekea sharti lolote?"

"Sharti lipo," akajibu kwa fahari, akalitamka lote, neno kwa neno.

Kalamu ya ofisa ikasimama, kisha ikaandika polepole. "Nitarudi Ijumaa, mama. Uliondoe mbele ya watu, au utakuja kulieleza mbele ya wakubwa wangu."

Alipotoka, Bibi Matundu alizima mashine. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kazi yake ina doa, na sasa jina lake limo kwenye mkoba wa serikali. Akajitanda khanga, akahesabu milango minne, akaingia kwa Mama Pacha bila hodi, akitafuta mchongezi wake.

Mama Pacha alikuwa mashineni. Hapakuwa na shati hata moja chumbani. Alikuwa akitoboa vitambaa vibovu, kimoja baada ya kingine, na kapu la vitambaa hivyo lilikuwa limejaa pembeni.

"Unafanya nini?"

"Natoboa tu, dada. Mkono usije ukasahau." Akasimama haraka. "Si mimi niliyelalamika. Wallahi nilikuogopa."

Bibi Matundu akaokota kitambaa. Akakumbuka mwaka wake wa kwanza, kabla safu haijamjua, alivyotoboa mapazia yake mwenyewe mpaka yakabaki kama chujio. Akageuza kitambaa, akakisogeza kwenye mwanga, na maneno yakamponyoka: "Kisu chako kinawahi. Kinapasua kabla uzi haujafunga. Legeza hiyo skrubu ya chini."

Hakungoja shukrani. Aliporudi, mke wa mwanawe alikuwa amesimama, vikaratasi mkononi.

"Mama, niliyeandika barua ya malalamiko ni mimi."

Bibi Matundu akaivua khanga, akaitupa juu ya mashine.

"Mafundi wanakuamkia wakitetemeka. Siku moja nitakaa mimi hapo ulipokaa. Sikutaka nirithi watu wanaoniogopa."

"Unakula kwangu, unaniandikia barua!"

"Ndiyo, mama. Nilikwambia mara mbili, ukaniambia niandike vikaratasi."

Bibi Matundu akakumbuka. Ni kweli, aliambiwa mara mbili.

Ijumaa asubuhi, ofisa akiwa kando na mkoba wake, Bibi Matundu alisimama palepale, mikono kiunoni vilevile. "Sharti nimeliondoa. Kila mtu apeleke anakotaka, na hapa atarudi."

Hakuna aliyesogea. Mshona suruali wa mlango wa pili, mzee wa maneno, akamnong'oneza jirani kwa sauti iliyofika mbali: "Anatupima huyo. Atakayetangulia ndiye wa kuchinjwa."

Maneno yale yalimchoma kuliko barua. Akaona kwamba mlango alioushikilia miezi minane haufunguki kwa kutamka tu. Akaingia ndani, akachagua mashati thelathini kwenye mzigo wake mwenyewe, ya shule iliyomwamini ikamletea yeye moja kwa moja, akayafunga kwa shuka, akamtwika mke wa mwanawe.

"Wewe ndiye uliyeandika, wewe ndiye utakayebeba. Mpelekee Mama Pacha. Usipite nyuma, pita katikati ya safu, tena taratibu, huyo mshona suruali akuone vizuri. Kila Ijumaa upeleke mzigo kama huu, mpaka wao wenyewe waanze kupeleka. Na kabla hajaanza, mtazame kama ile skrubu ameilegeza."