Maziwa Yaliyokataa Kushuka

Nilipoolewa Nyansiongo, mama mkwe hakunificha kwamba hanitaki. Alikuwa amemchagulia mwanawe msichana mwingine, asiye na masomo mengi kama yangu. Mume wangu alikuwa kazini Nairobi, kwa hiyo nilibaki na mama yake na shemeji yangu, kitindamimba wa nyumba ile, katika shamba ambalo mzungu alikuwa ameliacha miaka michache tu nyuma.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, chotara wa maziwa, na shemeji ndiye aliyemkamua. Mwezi wangu wa pili pale, maziwa yakapungua mpaka hayakufika robo ya ndoo. Mama mkwe akawaambia majirani kwamba ninamkamua kwa siri na kupeleka maziwa kwetu Ikonge. Kanisani wanawake wakaacha kuketi karibu nami. Mama mkwe akalifunga banda kwa kufuli na kuvaa ufunguo shingoni. Maziwa hayakurudi. Sasa ikawa nimemroga.

Mwishowe alikuja daktari wa mifugo. Hakujua Kigusii, na mama mkwe hakujua Kiswahili, basi mkalimani nikawa mimi. Alikipapasa kiwele, hakuona ugonjwa, akaomba ng'ombe akamuliwe mbele yake. Shemeji akaingia na fimbo yake. Ng'ombe akaanza kutetemeka kabla hajaguswa. Shemeji akamchapa mguuni kama kawaida yake, akavuta chuchu, yakatoka matone.

Daktari akamsimamisha.

"Maziwa yamo," alisema. "Ng'ombe akitulia, ubongo hutoa homoni. Hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye kiwele, ikazishika chembe ndogo zinazozunguka vifuko vya maziwa, nazo zikayaminya yashuke. Akiogopa, mwili hutoa homoni nyingine inayoizuia ile ya kwanza. Huyu anaogopa fimbo."

Nilitafsiri yote, nikitafuta maneno, mpaka nikafika kwenye fimbo.

"Hayo maneno ni yako," mama mkwe akanikatiza. "Mgeni huyu hana ugomvi na mwanangu. Mwenye ugomvi ni wewe."

Daktari hakungoja tafsiri. Alimtoa shemeji hadi nje ya ua, akanituma maji ya uvuguvugu. Nikakiosha kiwele taratibu, tukasubiri kidogo, nikakamua. Ndoo ikapita nusu. Nikamtazama mama mkwe nikitaka aseme lolote, hata neno moja.

"Sasa nimemwona mchawi ambaye ng'ombe huyu anamtii," alisema.

Daktari akaniuliza mama amesema nini. Nikamwambia anashukuru.

Tangu siku hiyo nilikamua mimi, na baada ya wiki chache ndoo ilikuwa ikijaa. Shemeji aliacha kunisalimu. Mama mkwe aliishi miaka mingine tisa chini ya paa lile, akinywa chai ya rangi. Maziwa niliyoyakamua kwa mkono wangu hakuyaonja.