Majibu Niliyoyaiba kwa Kabula

Siku nisizozisahau, mwanangu, ni zile nilizobandika sikio kwenye ukuta wa mabati, nikimsikiliza rafiki yangu akijifunza kujibu maswali ya usaili, na mimi naandika kila neno lake kwenye daftari. Usaili ninyi mnauita intavyuu, wala sina ugomvi na jina. Mama yako ameniambia na wewe umeitwa wiki ijayo, ndiyo maana nakueleza aibu hii ambayo hata mume wangu hakuwahi kuisikia. Kaa vizuri, sina haraka.

Rafiki huyo anaitwa Kabula. Tulikuwa tumepanga vyumba vinavyopakana pale Katoro, wote tumemaliza kidato cha nne, wote hatuna ajira, na wote tuliomba nafasi ya karani wa stoo kwenye kampuni moja ya mgodi kule Geita. Nafasi yenyewe ilikuwa moja, na barua za kuitwa zilitufikia siku moja. Mama yangu wakati ule alikuwa anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kukataa kunyooka. Nilimwahidi kwamba nikiipata kazi ile hatashika nyundo tena.

Sasa nikwambie ukweli, nilimwonea wivu Kabula hata kabla ya barua. Nilimwonea wivu kwa Kiswahili chake, kwa kuwa alikulia Shinyanga mjini na ulimi wake haukujikwaa kama wangu uliolelewa kwa Kisukuma. Nilimwonea wivu kwa sketi yake ya bluu. Hata chai yake niliiona tamu kuliko yangu, na sukari tulinunua duka moja. Wivu ukishakuingia unakuwa mjinga namna hiyo, na hujioni.

Kila asubuhi, tukishachota maji, Kabula alijifungia chumbani na kuanza kujiuliza kwa sauti nzito ya kiume, kisha anajibu kwa sauti yake. "Jitambulishe kwa ufupi." Anajibu. "Kwa nini unataka kufanya kazi na sisi?" Anajibu. "Udhaifu wako ni upi?" Hapo alikwama siku nzima, kesho yake akaja na jibu kwamba huwa anachelewa kuomba msaada, na sasa anajizoesha kuuliza mapema. Halafu likaja swali kubwa: "Tueleze jambo ulilowahi kufanya kazini unalojivunia." Kabula akasimulia alivyokuwa akimsaidia mjomba wake kwenye kituo cha kununulia pamba, akagundua mizani ina kasoro, ikarekebishwa kabla wakulima hawajapunjwa. Niliposikia hilo roho iliniuma kweli. Nikajiuliza mbona wenzangu wanapewa hata hadithi nzuri za kusimulia. Nikaliandika, nikalikariri, nikawa nalisema hata nikifua.

Jioni moja alinigongea mlango. "Nyanzala, njoo tuulizane maswali. Mimi nikuulize, na wewe uniulize."

"Kichwa kinaniuma," nikamjibu, na daftari lenye maneno yake nimelikalia.

Siku ya usaili tulipanda gari moja hadi Geita, tukakaa benchi moja nje ya ofisi. Niliitwa mimi kwanza. Ndani walikuwa watatu, lakini aliyeuliza ni mama mmoja mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyoshuka puani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia niketi. Nakwambia nilimwaga majibu ya Kabula mfululizo! Mpaka ule udhaifu wake nikauchukua. Nilipofika kwenye mizani, yule mama akainua kichwa, amependezwa.

"Safi sana, binti. Kasoro yenyewe ilikuwa gani?"

Mwanangu, hilo Kabula hakuwahi kujiuliza kwa sauti, maana alikuwa analijua.

"Ilikuwa... imeharibika," nikasema.

"Imeharibika vipi?"

"Imeharibika sana."

Mmoja wao alikohoa ili asicheke. Mama yule akanishukuru, nikatoka. Kabula akaingia. Hazikupita dakika nyingi, karani akatoka akaniambia naitwa tena. Nikajua yamenifika.

Nilimkuta Kabula ameketi, macho yamemtoka. Mama yule akatutazama kwa zamu. "Ninyi wawili mlifanya kazi kwenye mizani moja?"

Kabula alinigeukia. Ningeweza kusema pale pale kwamba maneno ni yake. Sikusema. Nilitazama sketi yake ya bluu, nikawa naomba na yeye akwame kama nilivyokwama mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, wala sikupambii jambo.

"Haya, kasoro ilikuwa gani?" mama akauliza.

"Nilikuwa na ndoo ya mawe, mama," Kabula akajibu. "Mizani ilipoletwa ikiwa mpya niliipima ile ndoo, nikaandika uzito wake ukutani. Kila asubuhi kabla ya wakulima kufika naitundika tena. Siku hiyo ndoo ni ile ile, mawe ni yale yale, lakini mshale ukaonyesha kilo mbili pungufu. Nikamwambia mjomba asinunue mpaka fundi aje."

Mama akaandika. Kisha akanigeukia, na Mungu anisamehe, alinigeukia kwa huruma. "Na wewe, acha ya mwenzako. Mwaka jana wote ulikuwa wapi?"

"Nyarugusu, kwa kaka yangu mchimbaji."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwepo tu."

Alisubiri, kalamu iko hewani, kama anayenisihi niongeze neno. Sikuongeza, akaiweka kalamu chini.

Sasa sikia nilichokuwa nafanya huko Nyarugusu. Nilikuwa natunza vifaa vya duara la kaka yangu, na duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Nyundo, kamba, tochi, na moko, zile patasi nene za kupasulia mwamba, vyote vilikaa kwangu. Kila anayeshuka nampa kifaa, naye ananiachia kofia yake, naitundika kwenye msumari. Akirudisha kifaa, anachukua kofia. Utaratibu huo niliubuni mwenyewe baada ya vifaa kupotea sana, na tangu hapo hakikupotea hata kimoja. Alasiri moja watu wote walikuwa wamepanda, wananawa ili waondoke, nikaona kofia moja bado iko ukutani. Nikapiga kelele kwamba Maduhu hajatoka. Wakanibishia, wakasema ametangulia nyumbani. Nikasimama mdomoni mwa shimo na kofia mkononi, nikakataa mtu kuondoka. Waliposhuka walimkuta jiwe limembana mguu. Maduhu yu hai mpaka leo, ana wajukuu.

Mimi niliulizwa na watu wanaotafuta mtunza stoo nilifanya nini maishani, nikasema nilikuwepo tu! Niliona haya kutaja vumbi la Nyarugusu mbele ya sketi ya bluu. Macho yangu yalikuwa yamekaa kwa Kabula muda mrefu mno, cha kwangu nikakiona takataka.

Kazi akapata Kabula. Mama yangu aliendelea kuponda mawe miaka minne mingine, na vidole vyake havikunyooka tena hata alipokuwa kitandani anaugua. Mimi nikaingia kwenye biashara ya mchele pale pale Katoro. Kabula akipita na gari la kampuni najifanya nachagua mawe kwenye mchele, mawe yasiyokuwepo.

Tulikaa hivyo miaka mingi, mpaka alipostaafu. Akaja dukani kwangu kwa miguu yake, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaketi juu ya gunia. Nami nilikuwa nimechoka kuibeba aibu ile. Nikamwomba msamaha kwa kuiba maneno yake.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unayasoma kwa sauti ukifua."

"Mbona hukunisema?"

"Nyanzala, habari ya kofia ya Maduhu nani hakuwa ameisikia? Mimi nilikuwa na ndoo ya mawe, wewe ulikuwa umeokoa mtu. Tangu barua zije nilikuwa sipati usingizi kwa wivu, nikaona heri useme ya kwangu kuliko useme ya kwako. Yule mama alipokuuliza ulikuwa unafanya nini Nyarugusu, nilijua nimekwisha. Uliposema ulikuwepo tu, nilishukuru Mungu, nikanyamaza."

Nilicheka, halafu nikalia, nikakumbuka vidole vya mama yangu.

Basi, mwanangu, kabla ya siku ya usaili wako keti ukumbuke kazi ya mikono yako, hata kama haikuwa na barua ya ajira. Uliangalia ng'ombe wa babu yako, uliuza nyanya, ulitunza mgonjwa? Yaseme kwa sauti mpaka ulimi uyazoee, na ujiulize mwenyewe "vipi?" na "kwa nini?" kabla hawajakuuliza wao. Wakisema ujitambulishe, usiwataje babu zako wote kama tulivyozoea huku kwetu. Sema unajua kufanya nini. Wakikuuliza udhaifu, taja wa kweli, na unavyoushughulikia. Mwenzako akikuita mfanye mazoezi, nenda, kichwa kisikuume. Na neno lile "tu" liache nyumbani, usiliweke kamwe nyuma ya kazi yako. Wivu hutaukosa, hata mimi wa leo nikisikia mafao ya Kabula hunichoma kidogo. Ukikujia, uufanye ukukumbushe kuuliza: na mimi nina nini?

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie mlangoni, akupe ulimi mwepesi na macho yasiyotazama kwa jirani. Na mama yako anayekutegemea apumzike angali hai.