Kidumu cha Ulanzi Nilichompelekea Kocha

Mwaka 2023, katika msimu wa mvua, nikiwa na umri wa miaka sitini na moja, nilifanya jambo ambalo lingefanywa na mjukuu wangu ningemchapa. Nilikosa. Nalitamka mapema ili asiyependa kusoma aibu za mjane anayejiheshimu ageuze ukurasa sasa hivi.

Mimi ni mkazi wa mtaa wa Ramadhani, hapa mjini Njombe. Marehemu mume wangu alikuwa mwamuzi msaidizi, yule anayekimbia pembeni mwa uwanja na kibendera. Alifariki tarehe 9 Julai 2016. Aliniachia shamba la viazi, miwani yake, na uenyekiti wa timu ya mtaa, kwa sababu wajumbe walitaka mtu anayejua kuandika muhtasari wa kikao ukaeleweka. Shule niliianza ukubwani. Cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Mtu aliyechelewa kujua kuandika hachezei tarehe.

Mwezi Januari mwaka huo wa 2023 kocha wetu alihamia Mbeya. Katibu wetu, mwalimu mstaafu asiye na haraka ya kitu chochote, alileta kikaoni jina la mtu ambaye mashabiki walimwita Radi.

Radi! Nilidhani ananitania.

Wasiomjua niwaeleze. Alikuwa mshambuliaji hodari kuliko wote niliopata kuwaona katika nyanda hizi, na ukorofi wake ulizidi uhodari. Tarehe 14 Agosti 2004, pale Makambako, mume wangu aliinua kibendera kuonyesha kwamba Radi ameotea. Radi alimfuata, akamnyang'anya kile kibendera, akakivunja gotini mbele ya umati mzima. Alifungiwa miaka miwili.

Mume wangu alilicheka jambo lile tangu Makambako mpaka mlangoni kwetu. Mimi sikucheka. Kipande cha mti wa kile kibendera, alichorudi nacho, nilikisimika bustanini kushikilia mnyanya, na kila nilipochuma nyanya nilimkumbuka Radi, lakini si kwa sala.

Kikaoni nilisema kwamba mtu aliyeshindwa kujitawala mwenyewe hawezi kukabidhiwa vijana ishirini. Katibu alivua miwani na kuifuta taratibu.

"Mama Mwenyekiti," alisema, "huyu amezifanya fujo zote zilizopo. Kijana gani atamdanganya?"

Wajumbe walicheka, nami nikajua nimeshindwa. Radi alikuwa amezunguka timu kadhaa akiomba kazi, zote zikamkatalia kwa sababu ya jina lake. Alikuwa akipasua mbao ili aishi. Alituambia pia kwamba ameacha pombe, huu mwaka wa sita.

Tukakubaliana ajaribiwe mpaka mechi ya Makambako. Kanuni ya majaribio niliitunga mimi, kwa lugha niliyoichagua neno kwa neno: yeyote wa upande wetu atakayemgusa mwamuzi au kifaa chake, ataondoka. Niliandika "yeyote" ili isionekane kwamba namlenga yeye.

Miezi miwili ikapita. Radi hakufoka. Vijana walianza kuwahi mazoezini, wakaacha kuwatukana waamuzi, wakashinda mechi nne. Badala ya kufurahi, nilikosa usingizi. Mechi ya Makambako ikipita salama, mvunja kibendera atakalia benchi la timu aliyoianzisha mume wangu, tena kwa saini yangu!

Ndipo shetani aliponikumbusha ulanzi.

Ulanzi, kwa msomaji wa mbali, ni maji yanayogemwa kwenye mianzi wakati wa mvua. Ukiwa wa leo tunauita mtogwa. Ni mtamu, hata mtoto hupewa. Ukilala siku kadhaa huwa ni pombe kamili. Nilinunua mtogwa siku ya Jumatano, nikauweka kwenye kidumu karibu na mafiga, nikauacha huko mpaka Jumamosi, tarehe 18 Machi. Ilikuwa Kwaresima, na mimi ni mzee wa kanisa.

Mnaona mpango. Radi atadhani ni mtogwa. Atakunywa, damu itachemka, mwamuzi atapuliza filimbi asiyoipenda, na kazi yake itaishia hapo. Mtu aliyepambana na pombe miaka sita, mimi nilikuwa namrudishia kwa mkono wangu. Siku ile sikuliona hivyo. Niliona kibendera tu.

Makambako kulikuwa na manyunyu na upepo wa kukata masikio. Kabla ya mechi nilimfuata Radi kwenye benchi, nikamsalimu kwa sauti ya upole.

"Kamwene, kocha. Nimekuletea mtogwa, upooze koo."

"Kamwene, mama." Alikipokea kidumu kwa mikono miwili, akakifungua, akakisogeza karibu na uso. Kisha akamimina kikombe na kunirudishia. "Karibu kwanza."

Jamani! Nilikuwa nimesahau kuonja. Kwetu anayeleta kinywaji hukionja mwenyewe mbele ya mgeni, kuonyesha kwamba hakuna ubaya uliotiwa ndani. Nimeonja mbele ya watu maisha yangu yote. Siku nilipotia ubaya ndiyo siku niliyosahau.

Wachezaji wa akiba walikuwa wakitazama. Nililowesha midomo.

"Mama, hapo umelibusu kombe tu," Radi alisema kwa adabu. "Au una wasiwasi na kinywaji chako?"

Kiburi kikanishika. Nilikimaliza kikombe chote, nikamtazama machoni. Alinishukuru, akasema yeye atakunywa mechi ikiisha, akanirudishia kidumu nimtunzie.

Nilikwenda kusimama pembeni mwa uwanja. Kikombe cha kwanza kilinipasha joto. Cha pili hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo ungamo lenyewe. Cha tatu sikikumbuki vizuri.

Kipindi cha pili kijana wetu alifunga. Nikarukaruka. Mshika kibendera wa upande wangu akainua mkono: ameotea. Nilimuuliza kama mama yake anajua kwamba mwanawe haoni. Akanijibu nirudi nyuma ya mstari, bibi.

Bibi!

Ndugu zangu, nilikishika kile kibendera. Nilikivuta. Nilikivunja gotini kwangu, mimi mjane wa mshika kibendera, katika uwanja uleule wa Makambako, na sauti ya mti kuvunjika ilikuwa ileile. Uwanja ulicheka mpaka mbwa wakabweka.

Aliyenitoa ni Radi. Alinishika kiwiko kama anayemsindikiza bibi harusi, akaniketisha kwenye benchi, kisha akarudi kwa yule mwamuzi, akavua kofia na kuinama. Sikusikia maneno yote, lakini nilisikia akisema kwamba yeye anajua kosa lile lina uzito gani. Halafu alikata ufito kwenye ua wa jirani, akaufungia kile kitambaa, na mechi ikaendelea. Tulitoka sare.

Kanisani niliondolewa kwenye uzee wa kanisa, nikatubu mbele ya usharika baada ya Pasaka. Nilisema nilidhani ni mtogwa. Ndiyo, hata pale nilidanganya. Watu wakanihurumia, na huruma ile iliniwasha kuliko upupu.

Kikao cha timu kilifanyika Jumamosi, tarehe 20 Mei 2023. Katibu alisoma kanuni yangu kwa sauti, akatua kwenye neno "yeyote" kwa muda mrefu kuliko nilivyoona inafaa. Nikasimama, nikarudia hadithi ya mtogwa. Katibu akamgeukia Radi, akamuuliza kama alipofungua kidumu hakusikia harufu.

Nilijua alisikia. Angesema neno moja tu, nami ningekwisha.

"Siku ile nilikuwa na mafua, mwalimu," alijibu.

Kisha akaomba nisiondolewe. Alisema yeye alipofungiwa hakuna aliyemwuliza atarudije. Mama afungiwe mechi tatu, arudi.

Basi, wewe unayesoma huku una mtu unayetaka kumwona akianguka, nisikilize. Usimtegee kwa kinywaji mahali ambapo desturi inakutaka uonje wewe kwanza. Na kama ni kibendera chake cha mwaka 2004 unachokitunza bustanini, king'oe.

Kikao kilinifungia mechi tatu. Kisha katibu akaomba wanaoafiki Radi awe kocha wa kudumu wanyooshe mikono. Wangu ulikuwa wa kwanza, na sikuushusha mpaka muhtasari ulipoandikwa. Nilipompa mkono wa pongezi, aliinama karibu na sikio langu.

"Mama, ukirudi kwenye mechi ya nne, niletee chai."