Mtutu wa Bibi Verna

"Yule bibi anaongea na marehemu mumewe," Arlys alininong'oneza huku akimchukua mwanangu mikononi mwangu. Arlys ni jirani yangu wa ng'ambo ya zizi, na habari za bonde letu lote hupitia kwake kwanza. "Kila akitaka kupiga anainua bunduki mbinguni. Anamuuliza Orrin apige au aache."

Nilicheka, lakini nilikuwa nimeshamwona kwa macho yangu. Bibi Verna Stokke hupiga sanamu za kondoo za chuma kule uwanja wa shabaha kwa bunduki ya babu yake, ile ya kukoki kwa mkono wa chuma ulio chini ya kitako. Kweli, kila risasi mtutu hupanda juu kwanza, hushuka taratibu, ndipo usikie mlio.

Theluji ilipoyeyuka klabu ya shabaha ikaweka sheria mpya: atakayeelekeza mtutu juu zaidi ya lile tuta la udongo linalozuia risasi anatolewa mashindanoni. Watu wakasema Verna basi tena. Nikamwachia Arlys mtoto, nikampelekea bibi mayai.

Alikuwa bandani, anapima baruti kwenye mizani ndogo.

"Wamekuonea, bibi."

"Nani kaonewa? Sheria nzuri ile. Kalia ndoo hiyo, meza usiiguse."

Nikamwambia maneno ya Arlys. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Orrin! Orrin alikuwa anapiga kila kitu isipokuwa shabaha. Ningemsikiliza yeye tungekula nyasi."

Akachukua risasi moja ndefu, akaitikisa sikioni pangu. Ndani kukachakacha.

"Unasikia? Maganda haya yalitengenezwa enzi za baruti nyeusi, ilikuwa inajaa mpaka juu. Ya siku hizi ina nguvu, kidogo tu inatosha, basi inabaki inazurura humo ndani. Ikilala mbele, risasi inajikokota. Ikilala nyuma kwenye fataki inayoiwasha, risasi inakwenda mbio. Nikiinua mtutu, yote inarudi nyuma. Mzimu wenyewe ndio huo."

"Na sasa utafanyaje?"

"Nimeshafanya. Nimepata baruti nyepesi, na kitabu cha vipimo kinaikubali. Inajaza ganda." Akatikisa nyingine. Kimya.

Tukatoka nyuma ya banda, akasimamisha kipima mwendo wa risasi mbele ya mtutu. Alipiga kadhaa baada ya kuinamisha bunduki, kadhaa baada ya kuiinua, nami nikimsomea namba. Zilifanana kama ndama wa ng'ombe mmoja.

"Waache waje na sheria zao," akasema, akijaza tena. "Sasa napiga moja kwa moja, kama siku ya mashindano."

Akaweka kitako begani. Mtutu ukapanda juu, polepole, kama kawaida yake.

Aliusimamisha hewani, akautazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekataa kuitika, akaushusha na kuitoa risasi bila kupiga.

"Baruti imetii," akasema. "Mkono ndio mkaidi. Nimeufundisha hivi tangu niko msichana."

Akanigeukia.

"Kila mpigaji anaruhusiwa msaidizi. Jumamosi usimame nyuma yangu, mwanangu. Ukiona bega hili linaanza tu kupanda, niite. Usiseme bibi, mabibi wamejaa pale. Sema Verna, tena kwa sauti, kama unafukuza ng'ombe bustanini."