Bipu Tatu Kichuguuni

Kama umekuja kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua la saa saba, katikati ya Kanyenye, watu wanapita na baiskeli zao na bajaji zinapiga honi. Sikuwa na homa wala sikuwa nimelewa, maana pombe sinywi. Nilikuwa nanunua simu. Nani huona mauzauza akinunua simu?

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora. Nashona magauni ya harusi na sendofu, na siku hizi mteja haji dukani kuona kitambaa. Anataka picha. Tuma picha, fundi. Tuma ya mgongoni. Tuma ya karibu nione shanga. Simu yangu ilikuwa ya zamani, ya kubonyeza, kamera yake inageuza bluu kuwa kijani. Kuna bibi harusi alinirudishia gauni zima kwa sababu ya picha hiyo, akanitukana mbele ya wateja wengine. Siku hiyo niliapa kwamba simu nitanunua, hata nikilala njaa.

Lakini ile simu ya zamani ilikuwa na jambo moja. Ilikuwa inaingia laini mbili. Moja ya mtandao wa mjini, ya wateja. Ya pili ilikuwa ya baba.

Baba yangu alikuwa anaishi kijijini, mbele ya Igalula, peke yake tangu mama afariki. Mzee wa mizinga ya nyuki, mbishi, hataki kuhamia mjini hata umbembeleze kwa machozi. Kule kwao unashika mtandao mmoja tu, na wenyewe haushiki mpaka upande kichuguu kilicho nyuma ya bani la kukaushia tumbaku. Baba alikuwa hana vocha siku zote, na kifua chake kilikuwa kibovu. Basi tukawekeana utaratibu. Kila asubuhi anapanda kichuguu ananibipu mara moja, maana yake nimeamka salama, mwanangu. Akibipu mara tatu, maana yake njoo. Namba aliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja, yangu. Mara mbili zile bipu tatu zilimwokoa. Nilipoziona nilimpigia dereva wa bodaboda wa Igalula, akamfuata, akamfikisha zahanati bado anapumua.

Sasa twende dukani.

Muuza simu anaitwa Sele, mtu mzima mwenzangu, tunafahamiana. Jumanne ile akanipangia simu tatu mezani. Ya kwanza kitochi, betri yake wiki nzima, kamera hakuna. Ya pili ya kisasa, laini mbili, bei ninayoimudu, ila picha zake zina ukungu. Ya tatu imetoka nje ikiwa imetumika, laini moja tu, lakini kamera yake! Nilipiga picha ya kitenge nilichovaa nikaziona hata nyuzi. Ile ya tatu ilinizidi bei kidogo. Sele akasema, "Niachie hiyo yako ya zamani, tumalizane."

Nikawa nimeishika ile ya tatu, moyo unanienda mbio. Ndipo mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu akasema, "Mnyamwezi akipewa kioo anasahau safari."

Nikageuka. Nilipoingia kile kiti kilikuwa kitupu, hilo nakuapia, maana niliweka mkoba wangu pale. Sasa mkoba uko sakafuni na mtu amekaa. Mwanamume, umri siwezi kusema. Shati la kaki lisilo na kola. Bega lake la kulia lilikuwa na nundu, sugu nene iliyoinua shati. Miguu peku, ina vumbi mpaka magotini, na wewe unajua Kanyenye pale ni lami.

"Na wewe ni nani?" nikamuuliza.

"Mzaramo. Mtani wako. Mababu zako walibeba pembe za watu mpaka pwani, wewe kulibeba sikio la baba yako tu umeshindwa?"

Sele akaangua kicheko, na mimi nikacheka. Ungefanya nini? Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana sokoni, anakuchukulia kuku wako, anakutabiria kifo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umetia aibu ukoo. Kwa hiyo nikamjibu kama tulivyozoea, nikamwambia anuse kwanza samaki wake aliooza ndipo aje kunifundisha mambo ya simu.

Hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye ile ya pili, yenye laini mbili. "Chukua hii. Picha ina ukungu, sawa, utapiga juani. Ukichukua hiyo nyingine, baba yako atapanda kichuguu, ataita, ataita, ataita. Atashushwa amebebwa."

Jamani. Unafikiri sikushtuka? Nilishtuka. Kichuguu alikijuaje? Lakini akili ikanipoza upesi: vijiji vyote vya huku watu hupanda vichuguu kutafuta mtandao. Na Mzaramo kukutajia msiba wa baba yako si ajabu, ndiyo kazi yake. Angenitakia maisha marefu ndiyo ningeogopa.

"Basi na wewe uje kuzika," nikamwambia, nacheka mpaka machozi yananitoka. "Si ndiyo kazi yenu?"

"Nitakuja," akasema. "Na kaburini nitatangulia mimi."

Nikampiga picha palepale, kujaribu kamera. Nikamwinamia Sele kumwonyesha ilivyotoka safi. Tulipoinua vichwa kiti kilikuwa kitupu. Sele akasema, "Watani hao, wanakuja na kuondoka bila hodi." Tukaendelea na biashara.

Nikanunua ile ya tatu. Niseme tena, nikanunua ile ya tatu. Laini ya baba nikaitoa kwenye simu ya zamani, nikaifunga kwenye kipande cha kitambaa nikaitia kwenye kopo la vifungo. Nikajiambia Jumapili nitaenda kijijini, nitamweleza, tutatafuta namna nyingine. Jumatano sikuona bipu yake ya asubuhi, na nilijua kwa nini siioni, nikajiambia ni siku chache tu. Siku chache zina nini? Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu.

Alhamisi mchana nilikuwa napiga picha gauni jeupe kwenye mlango wa duka. Picha zilitoka nzuri, sidanganyi. Mteja alizisifu.

Ijumaa asubuhi akaja mtu wa kanisani kwetu na pikipiki kutoka kijijini. Aliponiamkia tu nikajua. Baba alikutwa juu ya kichuguu, simu iko mkononi, wakamshusha wamembeba. Majirani walikuwa mashambani, hakuna aliyemsikia. Nilipopewa simu yake niliitazama. Alhamisi, saa saba mchana, namba yangu, mara tatu. Wala hazikuwa bipu. Laini iliyozimwa haibipiwi. Yule mwanamke wa kwenye mtambo ndiye aliyempokea baba yangu mara tatu, akamwambia mtu unayempigia hapatikani. Baba siku zote alikuwa na kawaida ya kumjibu yule mwanamke, alidhani ni mtu. Namwona kichwani mpaka leo, anamsihi aniite.

Sasa sikia ya mazishini. Mchungaji amemaliza, tumefika kaburini, wanaume wanataka kushusha jeneza. Mtu akapenya kati ya waombolezaji, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali. Shati la kaki, miguu peku. Watu wakaanza kucheka kwa chini, maana ni kawaida. Mtani akiingia kaburini hatoki mpaka akombolewe. Mimi nilimtambua. Shangazi Kalunde, dada yake baba, akanishika mkono.

Nikamtupia hela. Akazirudisha juu, moja moja. Hapo vicheko vikapungua, maana mtani anayekataa hela hajawahi kuonekana.

"Nataka simu," akasema.

Nikampa. Akaiweka sikioni akiwa amelala vile vile kaburini. Akasikiliza. Akaitoa, akakitazama kioo chake, akanirudishia. "Haishiki huku," akasema.

Kisha akatoka, akapanda lile rundo la udongo uliochimbwa, akaanza kumwigiza marehemu. Watani huwaigiza marehemu, hilo nalo ni kawaida. Alikohoa kikohozi cha baba. Alishika kifua kwa mkono wa kushoto, kama baba. Akabonyeza kiganja chake, akakiweka sikioni, akasema kwa sauti ya baba kabisa, "Mama, niitie mwanangu." Akangoja. Akabonyeza tena. "Mama, mwambie ni baba yake." Akangoja. Mara ya tatu alihema tu, akakaa chini taratibu.

Watu walicheka. Kijiji kizima kilicheka, hata mchungaji alifunika mdomo. Waliona utani. Mimi peke yangu nilikuwa natazama jinsi baba yangu alivyokufa. Nilipiga yowe, wakasema ni uchungu wa msiba, wakanikalisha mkekani. Alipoondoka hakuna aliyemwona.

Jioni nikamwonyesha shangazi ile picha niliyoipiga dukani. Shangazi ni mtu wa miaka themanini na kitu, macho yake bado ni mazima. Aliitazama muda mrefu, halafu akairudisha mikononi mwangu kama inayomuunguza.

"Huyu alikuja pia tulipomzika baba yetu," akasema. "Nilikuwa binti mdogo. Shati hilo hilo. Wiki moja kabla alipita hapa nyumbani, akamwambia baba yetu, 'Mnyamwezi, usilale kwenye bani, utakauka na tumbaku yako.' Tulicheka sana. Bani liliungua naye ndani."

"Ni nani, shangazi?"

Akanieleza. Babu yao, mzazi wa babu yangu, alikuwa mpagazi wa misafara. Alikuwa na mwenzake Mzaramo, watani wa chanda na pete, wanabebeana mzigo, wanatukanana toka pwani hadi Tabora. Safari moja, ndani ya pori la Mgunda Mkali, Mzaramo akaanguka nyuma. Akaita, "Mnyamwezi, nakufa!" Babu akacheka, akajibu, "Kufa haraka, nirithi shati lako." Akaita tena. Babu akacheka tena. Akaita ya tatu. Walipofika kambini ndipo babu akageuka kumtafuta, na aliporudi alikuta fisi wamemtangulia.

"Tangu hapo anatuonya," shangazi akasema. "Anatupenda bado, ni mtani wetu. Lakini anatuonya kwa utani, kwa sababu hana lugha nyingine na sisi. Na sisi tunacheka. Kila mara tunacheka, mwanangu."

Nilirudi kwa Sele nikamwomba simu yangu ya zamani. Alikuwa hajaiuza, akanipa bure, alinionea huruma. Naibeba mpaka leo, laini ya baba imo ndani, chaji imejaa. Haijawahi kubipu. Sema wewe, nani anibipu? Ile ya kamera bado naitumia kwa kazi, maana lazima nile, na picha za magauni zinasifiwa, na kila ninaposifiwa mdomo unajaa uchungu.

Nina mtoto mmoja, msichana, anasoma mbali. Kwa ajili yake nikawa mtu wa kusikiliza watani. Yeyote akinitania nasimama, nauliza, unasema kweli? Watu wa Kanyenye wananiona nimechanganyikiwa. Nilikuwa namngoja yule Mzaramo. Nilijiambia akirudi anitukane, anitabirie lolote, safari hii sitacheka, nitatii.

Mwezi uliopita akapita mbele ya duka langu. Mchana tena. Nilitoka mbio na futi ya kupimia iko shingoni, nikamshika shati. "Mtani! Nitukane! Sema neno!"

Aligeuka. Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu usiyemjua aliyekufananisha njiani. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mtani hamwamkii mtani shikamoo, huo ni mwisho wa utani. Akautoa mkono wangu kwenye shati lake polepole, akaenda zake.

Sasa wewe uliyesoma hadi hapa, unaponunua simu usianze na kamera. Anza na kuuliza ni nani anakutegemea umsikie, yuko wapi, na huko alipo unashika mtandao gani. Na akitokea mtu akakuonya huku anakucheka, cheka, si dhambi, lakini ufanye alichosema. Mimi sina tena wa kunitania. Msichana wangu yuko mbali, na kitu kikimjia, mimi sitaambiwa.