Sauti ya Simu ya Bibi Beryl

Bibi yangu alikaa wiki sita bila kutoa neno. Siku aliyoongea tena, mume wake wa ndoa ya miaka hamsini na nane akamwonyesha mlango.

"Ahsante kwa kuja, bibie. Sasa nenda zako, mke wangu anakaribia kurudi."

Wadau, sitanii. Nilikuwepo. Na chanzo ni mimi.

Ngoja niwape yote.

Sisi ni watu wa Dagenham, mashariki mwa London. Huku kwetu herufi T ikikaa katikati ya neno haitamkwi, inamezwa kama kidonge. Bibi Beryl akiomba chupa ya maji kwa Kiingereza chake, inatoka "bo'o a wo'a." Jumanne ni "Chuuzdei." Tatu ni "frii."

Na mimi na simu yangu, ulitegemea nini?

Nikawa namrekodi jikoni. "Bibi, eti hii inaitwaje?" Naye kwa moyo mweupe anajibu. Narusha mtandaoni. Watu laki mbili mbavu hawana.

Ujinga wangu sasa, nikamsomea maoni yao.

"Sikia hii, Bibi! 'Huyu mama T zake kazila na chipsi!'"

Akacheka. Halafu akakaa anakausha kikombe kimoja muda mrefu mno.

"Jodie, kipenzi, kumbe ndivyo ninavyosikika?"

"Si ndo utamu wako huo!"

Akachukua kikombe kingine.

Mwaka uliofuata ulimi wake ukaanza kuwa mzito. Daktari akasema ni ugonjwa unaoua misuli, mmoja baada ya mwingine, na dawa hakuna. Sauti ndiyo itakayotangulia kuondoka.

Hapo ndipo tulipoishiwa nguvu. Maana Babu Len kichwa kilishaondoka zamani. Sura hazikumbuki, hata ya mkewe. Lakini Bibi akipaza sauti tu, "Len, chai!", mzee anaitika, "Nakuja, malkia!" Anakula. Anatulia. Sauti ile ndiyo kamba pekee iliyobaki kati yao.

Hospitali wakatupa mashine. Bibi asome sentensi mia tatu na hamsini angali anaweza, mashine ijifunze sauti yake. Baadaye atachapa kwa kidole, yenyewe imsemee.

"Chumba kiwe kimya, mlango ufungwe," dada wa hospitali akasisitiza.

Tukafunga. Wiki tatu Bibi anajifungia na vipokea sauti vyake masikioni. Mimi huku nje dhamira inanisuta, nikafuta video zangu zote. Zote! Nikajiona nimetubu.

Kisha sauti ikakatika.

Wiki sita hizo, acheni tu. Babu anasukuma sahani, anazunguka sebuleni. "Beryl yuko wapi?" Anamuuliza Beryl mwenyewe.

Mashine ikaletwa Jumamosi. Bibi akapaka rangi ya mdomo, akaketi mbele ya Babu, akachapa.

"Leonard, naomba chupa ya maji."

T zote za Kiingereza chake zikatoka. Moja moja, kama zimepigwa pasi.

 Sauti hiyo naijua!

Ilikuwa sauti yake ya simu.

Wanawake wa rika lake huku karibu wote wanayo. Yuko hapa anamfokea Babu kwa viatu vyenye matope, simu ya mezani inalia, anainua, papo hapo anageuka mke wa lodi, kama wale wa kwenye makasri. "Halo? Naongea na nani, tafadhali?" Ni sauti ya kuongea na daktari, na mwalimu mkuu, na kasisi. Sauti ya wageni. Babu Len hajawahi kuongeleshwa nayo hata siku moja.

Bibi akachapa haraka. "Leonard, ni mimi."

"Hapana, bibie," Babu akasema kwa upole. "Wewe unaongea vizuri mno. Beryl wangu si wa ofisini." Ndipo akaonyesha mlango.

"Bibi, kwa nini?" nikamuuliza.

Kidole chake kikatafuta herufi taratibu.

"Sikutaka wanicheke tena."

Kurekodi upya? Kwa ulimi gani? Video nazo nilishazifuta.

Siku tatu nikazama mtandaoni. Nikapata moja. Mtu nisiyemjua aliiiba, akabandika kicheko cha umati juu yake. Sekunde tisa.

Nikaicheza sebuleni.

"Len! Bo'o a wo'a!" Na ule umati wa kwenye video ukaangua kicheko.

Babu akainuka kama kijana. "Nakuja, malkia!"

Akaenda jikoni, akarudi na chupa. Akampita Bibi aliyekuwa amenyoosha mkono. Akaiweka mbele ya simu yangu. Akaketi pale, akaipapasa simu kwa kidole gumba.

Bibi akarudisha mkono mapajani. Akachapa.

"Icheze tena," mke wa lodi akasema kutoka kwenye mashine.

Tulimzika Bibi mwezi wa pili. Babu bado yupo. Kila mlo natoa simu, naicheza, ndipo anakula. Nimejaribu kukiondoa kile kicheko, hakitoki. Kimeshikana na sauti.

Ndugu zangu, ukimcheka mtu anavyoongea, ataificha sauti yake. Siku utakapoililia, utaikuta ndani ya kicheko chako, na mwenyewe hayupo.