Pembeni mwa Sheria za Warumi

Nakumbuka siku moja ya joto kali Mwananyamala, mwanangu, nikiwa kijana nisiyeweza kukaa kitako hata kwa kufungwa kamba. Nilikuwa najifunza kujalidi vitabu kwa Mzee Salim, aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake.

Mjane mmoja, Mwalimu Agnes, alikuwa ametuletea kitabu kizito cha sheria za Warumi wa kale, cha Kilatini, kilichopigwa chapa Ulaya karne nyingi zilizopita. Marehemu mumewe, wakili, alikipenda kuliko suti zake. Mama huyo alitaka kukitoa zawadi kwa chuo kikuu, na hofu yake ilikuwa moja: wakikiona kichakavu watakikataa, na mumewe atasahaulika.

Katikati ya kila ukurasa ilikaa sheria yenyewe; pande zote wanazuoni wameizunguka kwa herufi ndogo, wakibishana. Mzee Salim hakushangaa, maana vitabu vya fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, navyo hupangwa hivyo. Mie niliona kingo zilizoliwa na mende tu. Nikaweka kurasa kwenye mashine ya kukatia, nimalize niende mpirani.

"Ondoa mkono, Hamisi."

"Mzee, nakata pembeni tu. Hamna kitu."

"Umetazama?"

Nikanuna. Akanikalisha nipekue ukurasa mmoja mmoja, mguu ukinicheza kama wa fundi cherehani. Ndipo nikaona, ukingoni kabisa, maneno ya Kiswahili kwa penseli: "Hapa sikubali. Nitamuuliza Agnes."

Ulikuwa mwandiko wa marehemu, mwanangu. Bado kidogo tu ningeyakata.

Mwalimu Agnes alipokuja tukamwonyesha. Akacheka huku analia. "Aliniuliza kweli, tukiwa tunakula. Ilikuwa habari ya mali ya mke. Nikamwambia Warumi wamekosea."

Kitabu hakikwenda chuoni. Alirudi nacho nyumbani, kingo zake vilevile.

Sasa nakuona unavyohangaika na simu, unafupisha video za marehemu bibi yako ili watu wasichoke. Fupisha, sikukatazi. Ila tazama kwanza zote hadi mwisho, hasa pale anapokohoa, anaposahau alichotaka kusema, anapokuita wewe kwa jina. Ukishakata, hakuna wa kumwomba arudie.

Mungu akutulize mkono, mwanangu, akupe jicho lenye subira, na akuzeeshe kati ya watu watakaokuuliza, "Wewe unaonaje?"